Kibanja Kimoja, Matoleo Mengi

Mtu akiingia kwenye kibanja cha mkulima wa Kanazi, Bukoba Vijijini, akaomba atajiwe migomba iliyomo, atasikia majina ya namna mbili. Kwanza yatakuja ya Kihaya: Nshakara, Nyoya, Enchoncho, Entobe, Embwailuma, Kinunu. Kisha, kwa sauti ile ile, zitafuata FHIA-17, FHIA-23, Yangambi Km5. Kundi la kwanza ni la urithi wa mababu. La pili linasomeka kama orodha ya programu kwenye kioo cha kompyuta, kila moja na namba yake ya toleo. Lakini migomba yote imesimama kwenye udongo mmoja, imefunikwa kwa nyasi zile zile zilizokatwa kwenye mbuga ya rweya, na mibuni imejipenyeza katikati.

Ufanano huo wa majina ni wa bahati tu. Ufanano wa tatizo si wa bahati. Waandishi wa programu za kompyuta duniani kote wamehangaika miaka mingi na swali ambalo Wahaya walikutana nalo kibanjani: kitu kipya kimekuja, ni bora kwa mambo fulani, ila cha zamani bado kinalisha nyumba. Unakipanda wapi?

Kanazi ni mahali pazuri pa kuliulizia swali hilo, maana mapya yamefika hapo mapema. Wajerumani walipojenga kituo chao Bukoba mwaka 1890, Kanazi ilikuja kuwa makao ya Mukama Kahigi wa Kianja, mtawala aliyechagua kushirikiana na wageni hao na akapanuliwa himaya yake. Kahawa haikuletwa na Wajerumani. Robusta ilikuwapo Buhaya kabla yao. Buni zilichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa na kutafunwa. Mgeni alikaribishwa nazo, na Bakama, yaani watawala, waliudhibiti upandaji wake. Wamisionari na utawala wa Kijerumani walileta arabika, wakaipigia debe kama zao la biashara. Ikapandwa, lakini robusta haikung'olewa, na hadi leo ndiyo kahawa inayoutambulisha Mkoa wa Kagera.

Waingereza nao walijaribu njia nyingine, ya amri. Kanuni za kilimo cha kahawa zikaingizwa hadi ndani ya kibanja, zikimwelekeza mwenye shamba namna ya kuitunza mibuni yake. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba wakaandamana kuzipinga. Tukio hilo huandikwa katika vitabu kama sura ya siasa za ukoloni, na ni haki yake, lakini limebeba somo la kiufundi pia: kibanja ni mfumo. Chakula, kahawa, pombe, kivuli, nyumba na makaburi ya wazee vimo humo humo, vinategemeana. Afisa anayeamuru kubadilisha kimoja huwa hajaona vingine vilivyokiegemea.

Programu kubwa kuliko zote za migomba mipya ilikuja miaka sitini baadaye, bila amri. Kufikia miaka ya 1990 migomba ya Kagera ilikuwa inadhoofika: fukusi wanatoboa matunguu, minyoo inakula mizizi, ugonjwa wa Sigatoka nyeusi unakausha majani, rutuba inapungua. Kati ya mwaka 1997 na 2002 mradi wa maendeleo ya jamii wa Kagera, ukifadhiliwa na Ubelgiji, ulileta miche iliyooteshwa maabara kutoka Leuven, ukaizalisha na kusambaza machipukizi takribani milioni 2.5 kwa wakulima. FHIA ni kifupi cha jina la taasisi ya utafiti wa kilimo ya Honduras. Yangambi ni kituo cha utafiti cha Kongo, kando ya mto. Ndizi za mabara mawili zikakutana mlangoni pa Mhaya.

Mikungu ya FHIA ilikuwa mikubwa ajabu, na migomba yake ilistahimili magonjwa yaliyoitesa ya zamani. Kwa hesabu ya mtaalamu aliyekaa ofisini, kazi ilikuwa imekwisha: ng'oa, panda, sahau. Wakulima hawakufanya hivyo. Wengi waliipanda pembeni, kwenye sehemu zilizochoka ambako ndizi za Kihaya zilikuwa zimegoma, na wakaziacha Nshakara na Nyoya karibu na nyumba. Sababu ilijulikana jikoni kabla ya kujulikana maabara. Ndizi ya kupika ikikosa ulaini na ladha ya kitoke, ukubwa wa mkungu haumsaidii mama anayemngoja mgeni. Basi ya kigeni ikapewa kazi inayoiweza: kuivishwa na kuliwa mbivu, kukamuliwa juisi na pombe ya lubisi, kuuzwa, kuziba pengo la njaa. Ya zamani ikabaki na chungu.

Sasa twende Amsterdam.

Mwishoni mwa mwaka 1989, wakati wa mapumziko ya Krismasi, Mholanzi Guido van Rossum alianza kuandika lugha ya kompyuta aliyoiita Python. Jina hakulichukua kwa nyoka bali kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Toleo la kwanza lilitoka Februari 1991. La pili, Python 2.0, Oktoba 2000. Lugha hii ilipendwa kwa sababu inasomeka kirahisi. Ikaingia vyuoni, kwenye tovuti, kwenye maabara za sayansi, na, jambo litakalotuletea matata baadaye, ndani ya mifumo yenyewe inayoendesha kompyuta.

Tarehe 3 Desemba 2008 ikatoka Python 3.0, na safari hii waandishi wake walikuwa wameamua kuvunja mambo kwa makusudi. Awali ukitaka kompyuta ionyeshe neno, uliandika print na neno lenyewe; sasa print ikadai mabano. Awali 7 kugawanywa kwa 2 ilitoa 3, kwa kuwa namba kamili iligawanyika kwa namba kamili. Sasa ikatoa 3.5, kama mwalimu wa hesabu anavyotaka. Badiliko zito zaidi lilihusu maandishi. Toleo la pili lilichanganya maandishi na baiti, likifanya kazi bila kelele mradi herufi ni a hadi z. Mswahili angeweza kuandika programu miaka kumi asilione tatizo, maana lugha yake inaandikwa kwa herufi hizo hizo. Aliyeandika Kiamhari kule Addis Ababa, au Kiarabu kule Muscat, alikuwa analiona kila siku. Python 3 ilifanya kila maandishi kuwa Unicode, mfumo wenye nafasi kwa hati zote hizo.

Yote mema. Ila programu iliyoandikwa kwa toleo la pili haikukubali kuendeshwa na toleo la tatu, na programu hizo duniani zilikuwa hazihesabiki.

Wenye lugha walitoa chombo kilichoitwa 2to3, cha kutafsiri msimbo wa zamani kuwa mpya. Mategemeo yalikuwa kwamba watu wangetafsiri mara moja wakahama. Kumbe hakuna programu inayosimama peke yake. Kila moja inaegemea maktaba za watu wengine, na maktaba hizo zinaegemea nyingine. Mwenye programu alisubiri mwenye maktaba ahame. Mwenye maktaba alisubiri watumiaji wake wahame. Mwisho wa toleo la pili ulipangwa uwe 2015. Mwaka 2014 ukasogezwa hadi 2020. Waandishi wa Python walikuwa wamempa van Rossum cheo cha utani cha dikteta mwema wa maisha, lakini hata dikteta huyo hakuweza kuwaamuru watu waingie kwenye vibanja vyao na kung'oa kilichokuwa kinawalisha.

Kilichookoa mambo ni kuishi na matoleo yote mawili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ufundi wenyewe ulipozaliwa. Mwaka 2010 ilitoka maktaba ndogo ya Benjamin Peterson iitwayo six, iliyomwezesha mtu kuandika msimbo mmoja unaoeleweka na matoleo yote mawili. Kwa nini sita? Mbili mara tatu. Kampuni kubwa zikaanza kupita kwenye daraja la namna hiyo polepole: Instagram ikatangaza mwaka 2017 kwamba imehamia Python 3 bila kufunga mlango hata siku moja, na Dropbox, iliyokuwa imemwajiri van Rossum mwenyewe, ikamaliza kuhamisha programu yake ya mezani mwaka 2018.

Kwa fundi mmoja mwenye kompyuta moja, tatizo lilikuwa dogo kwa umbo na kubwa kwa maudhi. Jina python linaweza kuelekeza kwenye toleo moja tu. Ukiandika python, nani aitike? Mwaka 2010 waandaaji wa mfumo wa Arch Linux waliamua aitike wa tatu, na programu nyingi zilizodhani anaitika wa pili zikaanguka. Mwaka uliofuata ikaandikwa kanuni: python2 liwe jina la mmoja, python3 la mwingine, na jina tupu litumike kwa tahadhari. Ni busara ya nyumba yenye watoto wawili wa jina moja, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Ukiita jina tupu, usilalamike kwa atakayekuja.

Kuna ajali moja iliyowapata wengi kiasi kwamba imekuwa hadithi ya jando katika kazi hii. Kwenye seva zenye mfumo wa CentOS 6, toleo lililokuja na mfumo lilikuwa Python 2.6, na chombo kinachosakinisha na kuondoa programu, yum, kiliandikwa kwa Python hiyo hiyo. Kijana mwenye hamu ya mapya anaona 2.6 imezeeka, anaifuta au kuifunika kwa mpya. Dakika hiyo yum inakufa. Na kwa kuwa yum ndiyo ingetumika kurekebisha kosa, amekata tawi alilokalia. Dawa imo kwenye maelekezo ya Python yenyewe: anayeijenga lugha kutoka kwenye msimbo wake, akitumia amri altinstall badala ya install, toleo jipya hukaa kando kwa jina lake kamili lenye namba, bila kugusa jina linalotumiwa na mfumo. Baadaye wajenzi wa Red Hat Enterprise Linux 8, iliyotoka 2019, walichoka na ajali hizo. Python ya mfumo wakaificha mahali pake pa siri, na jina tupu la python wakaliacha bila mwenyewe hadi mwenye seva aamue.

Mbinu iliyozaa matunda zaidi ni ya kuipa kila kazi kitalu chake. Ian Bicking alitoa virtualenv mwaka 2007. Wazo lake likaingizwa ndani ya Python 3.3 mwaka 2012 kwa jina la venv. Folda moja ya mradi inapata Python yake na maktaba zake. Ukitaka mradi wa zamani uendelee na toleo la zamani, uache kwenye kitalu chake. Mradi mpya uwe na chake, na wala hawajuani. Watumiaji wa lugha ya Ruby walikuwa na vyombo vya kubadilishia matoleo, kikiwamo rbenv cha mwaka 2011, na kutokana nacho ikatengenezwa pyenv kwa ajili ya Python. Watumiaji wa Ubuntu nao wanayo ghala ya matoleo ambayo mfumo wao hauyabebi, ya kale na mapya, iliyobatizwa deadsnakes: nyoka waliokufa. Waliokufa, na bado wanatambaa kwenye seva za watu.

Tabia hii ni kongwe kuliko Python. IBM ilipotangaza mashine zake za System/360 Aprili 1964, ilijua kwamba wateja wengi walikuwa na programu za IBM 1401, mashine ya mwaka 1959 isiyofanana nazo. Haikuwaambia wateja wazitupe. Baadhi ya mashine mpya zilipewa uwezo wa kuiga ile ya zamani, zikatekeleza amri za 1401 kana kwamba ni yenyewe. Fortran, lugha iliyotoka IBM mwaka 1957, ilitembea vivyo hivyo: toleo la 1966, la 1977, la 1990, na vikokotoo vya wanasayansi vilivyoandikwa kwa moja vikiendelea kuishi chini ya lingine.

Tanzania ilionja upande wa pili wa habari hiyo. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta, na katazo hilo likaanza kulegezwa miaka ya 1980. Nchi nyingine zilipokuwa zinajifunza kwa uchungu namna ya kuyaweka matoleo mawili bega kwa bega, hapa wahasibu wengi waliendelea na leja. Yapo ya kulaumu katika uamuzi ule, na yapo ya kuuelewa. Kwa mada yetu matokeo yake yalikuwa haya: vizazi kadhaa vya teknolojia vilirukwa, na kompyuta zilipokuja kwa wingi, kilichokuwa toleo la zamani katika ofisi nyingi ni karatasi.

Karatasi hiyo bado ipo. Tangu miaka ya 1990 zahanati za Tanzania zimekuwa zikijaza vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya: wangapi wameugua malaria, wangapi wamejifungua, chanjo ngapi zimetolewa. Kufikia 2013 nchi nzima ilikuwa imeunganishwa na DHIS2, programu inayojengwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa mshirika wake. Vitabu havikuchomwa. Muuguzi anajaza kitabu, mwisho wa mwezi anajumlisha fomu, takwimu zinaingizwa kwenye kompyuta. Umeme ukikatika, kitabu hakikatiki.

Ndani ya DHIS2 kwenyewe mna historia ile ile. Mzazi wake alizaliwa Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuondoka, akiwa amejengwa juu ya Microsoft Access. DHIS2 iliandikwa upya kwa lugha ya Java. Matoleo yake ya miaka iliyopita yaliendeshwa na Java 8, iliyotoka mwaka 2014; toleo la 2.41 linataka Java 17, ya mwaka 2021. Seva moja ya wizara inaweza kubeba mfumo wa taarifa za kweli, mwingine wa mafunzo na mwingine wa majaribio, kila mmoja kwenye toleo lake. Fundi anayezitunza hupanda Java mbili kwenye mashine moja na kuuambia kila mfumo wapi pa kunywa maji. Hilo halimfurahishi, ila linamwacha alale usiku.

Kulala huko kuna gharama zake, na waandishi wa habari za teknolojia huzitaja kwa haraka mno. Toleo la mwisho la Python ya pili, 2.7.18, lilitoka Aprili 2020. Tangu hapo waandishi wake hawalizibi tundu lolote, hata likionekana na wezi. Mwezi huo huo Ubuntu 20.04 ilitoka bila jina tupu la python, ikiwa na kifurushi chenye jina refu la kuchekesha, python-is-python3, kwa anayetaka kuliamua suala hilo kabisa. Apple iliiondoa Python 2.7 kwenye kompyuta zake Machi 2022. Lakini CentOS 7, iliyokuja na Python 2.7, ilihudumiwa hadi Juni 2024. Kwa hiyo lugha iliyotangazwa kufa iliendelea kuendesha seva miaka minne na ushei baada ya tangazo.

Kibanjani nako uangalizi haukupungua kwa sababu ya kuwa na aina nyingi. Mibuni ilishambuliwa na mnyauko fuzari, ulioripotiwa Kagera mwaka 1997. Watafiti wa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa yenye kituo Maruku, wilaya hiyo hiyo ya Bukoba, walitoa aina za robusta zinazouhimili. Ziliidhinishwa mwaka 2011, na majina yake yamechukuliwa nyumbani: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1, Muleba 1. Wenyeji na namba, safari hii kwenye jina moja. Mibuni hiyo huzalishwa kwa vipandikizi, na mara nyingi chipukizi jipya husubiri miaka kadhaa kando ya mbuni mkongwe ambao bado unachumwa.

Migomba ilipata adui asiyechagua. Mwaka 2006 mnyauko bakteria, ambao wengi huuita unyanjano, ulionekana Muleba. Majani yananyauka na kuwa ya njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani. FHIA iliyokuja kwa sifa ya kustahimili magonjwa haikuwa na kinga dhidi yake, wala Nshakara, wala Kinunu. Wadudu huubeba kutoka ua hadi ua, ndiyo maana wakulima hufundishwa kuondoa ua dume kwa mti wenye panda badala ya kisu. Chombo cha kazi nacho hubeba. Anayepunguzia migomba yake huko Kanazi hupitisha panga kwenye moto, au hulifuta kwa dawa ya kuulia vijidudu, kabla ya kuligusisha shina linalofuata, liwe la Nyoya au la FHIA-17.